Vijitabu vya koo na ramani tulitoa wenyewe bure, leo tunauziwa kwa ukurasa. Huu ni uungwana?

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu na nina hasira, asiye na muda apite tu.

Kuna chama cha historia na koo huku mkoani Tanga. Jina silitaji, wenyewe wakipita hapa watajijua, na watu wa Muheza na Korogwe mnawafahamu. Walipita nyumba kwa nyumba, kanisani, msikitini, mpaka kwenye matanga, wakiomba makaratasi ya zamani. Kauli ilikuwa moja: leteni, tutaskani, tutaweka mtandaoni kila mtu asome bure, na mali yenu mtarudishiwa. Watu wakatoa. Vijitabu vya ukoo vilivyopigwa taipureta na kudurufiwa kwa stensili enzi za Mwalimu, ramani za Mjerumani zilizokaa zimekunjwa masandukuni, ramani za mashamba ya mkonge, magazeti ya Mambo Leo yaliyoliwa na mchwa pembeni. Kwetu kilitoka kijitabu cha mlango wetu alichoandika babu mdogo, na karatasi moja ya ramani.

Sasa ingieni kwenye tovuti yao mjionee. Orodha ipo, ndefu, inavutia. Ukibofya unaletewa kipicha cha ukubwa wa paspoti, muhuri wa chama umegongwa katikati ya ukurasa, majina hayasomeki. Ukitaka kinachosomeka, lipia. Kwa ukurasa! Yaani kijitabu cha babu yangu nikakinunue ukurasa mmoja mmoja kwa watu waliokuja kukichukua sebuleni kwetu na chai wakanywa.

Hilo la vijitabu linauma, lakini la ramani ndilo limenifanya nifungue uzi.

Wengi hawajui thamani ya zile karatasi. Mjerumani alichora koloni lote kwa kipimo cha 1:300,000, zikachapwa Berlin kwa Dietrich Reimer, kazi ambayo kwa sehemu kubwa ilisimamiwa na Paul Sprigade na Max Moisel. Vijiji vingi humo viliandikwa kwa jina la jumbe aliyekuwepo wakati mpimaji anapita. Huku kwetu mtindo huo tunao mpaka leo, angalieni Kwamatuku, Kwamsisi, Kwamkono. Mzee akifa au akihama na watu wake, jina nalo linahama au linafutika. Kwa hiyo ukilikuta jina la babu wa babu yako kwenye karatasi ya mwanzoni mwa karne ya 20, umejua aliketi wapi, upande gani wa mto, na jirani zake walikuwa kina nani. Hakuna mzee aliye hai anayeweza kukuambia hayo.

Halafu chukua ramani za Mwingereza za 1:50,000 za miaka ya 1950 na 1960, uziweke juu ya ile ya Mjerumani. Hizo zilipimwa kabla ya watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970. Mahame yote, yaani makazi yaliyoachwa, yanaonekana. Makaburi yaliyobaki porini unaweza kuyafuata kwa miguu na simu mkononi. Ndivyo kazi ya nasaba inavyofanyika huku, maana vyeti vya kuzaliwa vya wazee wetu hakuna.

Sasa wao wamefanya nini? Kwanza, wamekata pembezo. Pembezoni ndiko uliko mwaka wa toleo, kipimo, na namba za longitudo na latitudo. Ukishakata hapo huwezi kuilinganisha ramani na nyingine yoyote, umebakiwa na picha ya ukutani. Pili, wameipiga picha kwa simu, na fleshi juu. Kwenye karatasi yetu kuna doa jeupe la mwanga limekaa sawasawa juu ya Magila, kule Muheza. Unajua kwa nini fleshi imeng'aa vile? Kwa sababu wameilaminesheni! Karatasi ya zaidi ya miaka mia moja mtu kaipitisha kwenye mashine ya moto akaifunga kwa plastiki, eti kuihifadhi. Plastiki ile haitoki bila kubandua wino. Nilipoona nilikaa kimya dakika nzima, mimi ambaye huwa sikosi la kusema.

Ukiwauliza, sababu zao ni tatu.

Wanasema hakimiliki. Hakimiliki ipi? Sheria ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa. Moisel alifariki 1920. Na vijitabu ambavyo bado vinalindwa, mwenye haki ni mwandishi na warithi wake, yaani sisi. Kuskani kitabu cha mtu hakukufanyi uwe mwenyewe.

Wanasema watu watazitumia kudai mashamba ya mkonge. Jamani! Mkonge uliletwa na Mjerumani Hindorf mwaka 1893, na mwaka 1895 Mjerumani akatangaza kwa amri kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola, na aliyeamua kuwa haina mwenyewe ni yeye mwenyewe Mjerumani. Migogoro ya ardhi Tanga ilianza hapo, si kwenye skana. Leo kwa sheria zetu ardhi yote ni ya umma chini ya Rais, ramani ya kale haikupi hati. Itakachokupa ni kujua kaburi la babu lilipo. Hilo nalo la kufichwa?

Wanasema wageni wataiba historia yetu. Wageni wanayo tayari! Maktaba za Ujerumani zimeweka mitandaoni ramani za enzi zile, bure, kwa ukubwa kamili, pembezo na kila kitu. Mwanafunzi wa Leipzig anaitazama Muheza vizuri kuliko mtu wa Muheza. Na hizo wanazoita siri za koo, mbona wazee walizichapa wenyewe? Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi ilichapwa kwenye mtambo wa uchapaji wa UMCA, misheni ya Waanglikana, pale pale Magila, nasaba ya watawala wa Usambara nzima, na ugomvi wa ndugu umo humo. Hakuna aliyegonga muhuri katikati ya ukurasa.

Jambo moja nawakubalia. Kuna vijitabu vinavyotaja nani alikuja ukooni kama mateka, nani aliwekwa rehani wakati wa njaa. Wajukuu wao wako hai na wanakaa kijiji kimoja na sisi. Kurasa za namna hiyo ziongelewe na familia kwanza. Tarehe za kuzaliwa za walio hai nazo zifichwe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo. Lakini hao wanaziuza hata hizo! Ukilipa unapewa, hakuna anayekuuliza wewe ni nani.

Tunachotaka si kikubwa. Karatasi za watu zirudi kwa wenyewe, zikiwemo zilizoharibiwa, tuzione. Ramani ziskaniwe upya kwenye skana kubwa, kwa ung'avu wa dpi 600, pembezo zibaki. Nakala iwekwe pia Internet Archive, ile maktaba ya bure ya mtandaoni, kwa sababu tovuti yao siku malipo yakikatika inazimika na kila kitu kimekwenda. Kama tatizo ni gharama ya seva, semeni ni shilingi ngapi, tuonyesheni mapato na matumizi, tutachanga. Watu wa Tanga tunachangia harusi za watu tusiowajua, tutashindwa hilo?

NYONGEZA: Kuna mkuu kauliza huko chini kama tulisainishana. Mkataba hakuna, ila daftari la mapokezi lipo, na wengi tulipewa kikaratasi chenye sahihi ya mpokeaji na maelezo ya kilichotolewa. Aliye nacho akipige picha leo, asikitoe mkononi hata akiambiwa kinakwenda "kuhakikiwa". Tunaandika barua moja ya pamoja ipelekwe kwenye mkutano mkuu wao wa mwaka. Mtakaotaka jina lenu liwemo, njooni PM (ujumbe wa faragha). Na kama kuna mtu aliyewahi kuipiga picha ramani yake kabla hajawapa, hata kwa simu mbovu, tafadhali usiifute.