Amboni au Wasini: wapi pa kwenda kuona miamba ya chokaa?

Mwambao: Wakuu, tuko 12, wakiwemo wazee wawili na watoto wanne wa darasa la sita. Tuna siku moja ya kutembea kwa miguu na kuona miamba ya chokaa. Tuchague mapango ya Amboni, Tanga, au bustani ya matumbawe ya Wasini, Kwale?

NjiaYaKiomoni: Kwa watoto, Amboni. Chokaa ile ni ya enzi ya Jurasiki, miaka milioni 150 hivi, na stalaktiti, yaani michirizi ya chokaa iliyoganda darini, zinaning'inia mbele ya macho yao. Maji ya mvua hufyonza kaboni dayoksaidi, huyeyusha chokaa yakipenya mwambani, kisha tone likifika darini gesi hutoka na chembe ya chokaa hubaki pale. Ndiyo maana hairuhusiwi kugusa: mafuta ya vidole huzuia chokaa mpya kushika.

Kutoka Tanga mjini ni kama km 8, barabara ya Horohoro, halafu mnakata kuingia Kiomoni. Kila mtu awe na tochi yake. Ya simu haifai, maana pa kuinama mtahitaji mikono yote miwili. Vaeni viatu vyenye meno, kinyesi cha popo kikilowa kinateleza vibaya.

Bamvua: Mkuu, umesahau wazee. Kuna vipenyo vyembamba mle, na harufu ya popo ni kali kwa mwenye pumu. Wasini mnatembea juu ya njia ya mbao, katikati ya mikoko na matumbawe ya kale yaliyobaki nchi kavu bahari iliposhuka. Wanaoiendesha ni akina mama wa kijiji, nami napenda sana hela inapobaki kisiwani.

Ila pangeni kwa maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, bahari ikijaa huingia hadi bustanini na kufunika sehemu za chini za miamba. Nendeni maji yakiwa yametoka. Saa za kupwa husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ratiba ya wiki iliyopita haifai. Muulizeni nahodha Shimoni, bandari ya kuvukia kwenda Wasini, kabla ya kuvuka. Msishuke kwenye mbao kwa ndala, jiwe la matumbawe hukata kama wembe. Maji ya kunywa bebeni, kisiwa kinategemea sana ya mvua.

Mpakani: Mnaanzia wapi? Wasini iko Kenya, kwa hiyo kutoka Tanga lazima mvuke mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga, na watoto nao wawe na hati za kusafiria. Foleni ikiwachelewesha saa mbili, maji yameshajaa.

Mwambao: Tanga.

NjiaYaKiomoni: Basi Amboni. Ombeni waongozaji wawili: mmoja abaki na wazee kwenye kumbi pana, ambako dari hufika hata mita 13, mwingine apenye na watoto. Na epukeni masika, Machi hadi Mei, njia inakuwa utelezi mtupu.