Naombeni ushauri: lazima vifaa vya kuzamia vifanane na vya mwenzangu?

Kasa_Mdogo: Wakuu, salaam. Tunazamia wawili kwa burudani, hatuzidi mita 25. Kinachofanana ni mitungi tu, alumini ya lita 11.1, mimi huanza na shinikizo la bar 235, yeye 205. Mengine yote tofauti. Naambiwa ni hatari, sina raha. Tubadilishe vyote?

Povu: Anza na vali. DIN (ya kuskrubu) na yoke (ya kubana kwa fremu), njia mbili za kufunga regyuleta, yaani kifaa cha kupumulia, kwenye mtungi, haziingiliani bila adapta. Ringi ya mpira ya yoke hukaa kwenye mtungi, ya DIN hukaa kwenye regyuleta. Bebeni za akiba za aina zote mbili.

Nanga2: Povu, hajauliza vali. Kasa, hewa ikikata nani anampa nani, na anaitoa wapi?

Kasa_Mdogo: Kila mtu ana regyuleta ya akiba. Hilo halina shida.

Nanga2: Iko wapi?

Kasa_Mdogo: Yangu iko ndani ya kijazio, kile kifaa cha kujaza na kutoa hewa ya jaketi la kuelea. Yake ya njano, ubavu wa kulia. Kupeana hewa hatujawahi kufanyia zoezi. Lakini nimeshalipia nusu ya seti mbili za jaketi na regyuleta, zenye mpira (bomba la hewa) wa mita 2.1, kwa hiyo litaisha.

Nanga2: Haliishi, ndugu yangu. Ya kijazio mpira wake ni mfupi: unampa ya mdomoni, wewe unahamia ya kijazio, na mkipanda unatoa hewa ya jaketi kwa kifaa hicho hicho unachopumulia. Mwenzako mkono wake utaenda ubavuni kutafuta ya njano, haipo, ataikamata ya mdomoni kwako. Ule wa mita 2.1 nao hutolewa mdomoni: hushuka ubavu wa kulia, huvuka kifua hadi bega la kushoto, hupita nyuma ya shingo. Mkanda ukiukalia, hautoki. Kinachotakiwa kufanana ni mahali mkono unapokwenda. Fanyeni zoezi kwenye kina kifupi, na kila mmoja ajue kuachia vizito vya kuzamia vya mwenzake.

Jicho_Kavu: Nauona uzi wa kutunga. Mtungi huo shinikizo lake la kujazwa ni bar 207. Hiyo 235 ya kila siku umeipata wapi?

Kasa_Mdogo: Situngi! Nilidhani wangu wanaujaza zaidi. Hata regyuleta ikiwa haijafungwa kwenye mtungi, sindano ya geji yangu ya shinikizo inasimama 30.

Povu: Basi geji yako inadanganya! Ikisoma 50, ambayo wengi huiita akiba, mtungini una kama 20. Usizamie nayo tena. Hakikisha hivi: mtungi mmoja, funga regyuleta yako, soma, kisha yake. Ukifungua vali, uso wa geji uelekeze mbali nawe.

Kasa_Mdogo: Nimepima. Yangu 225, yake 195. Geji nimeivua. Zoezi tutafanya, ila zile seti bado nazitaka.

Nanga2: Chukua, lakini kijazio chako cha sasa kina kiungio kikubwa kuliko cha kawaida. Mpira wake hauingii kwenye jaketi jipya, usiutegemee kama akiba.