Naomba ushauri: kupita Smugglers' Notch nikivuta tela

Ndugu wanajumuiya, hamjambo. Naomba ushauri wa mliowahi kuendesha gari katika barabara ya jimbo namba 108 huku Vermont, Marekani, hususan kile kipande kifupi kiitwacho Smugglers' Notch, kinachokatiza mlimani kutoka Jeffersonville hadi Stowe. Mwishoni mwa mwezi wa 10 dada yangu anahamia Stowe, nami nitambebea vyombo kwa pikapu inayovuta tela dogo la kukodi.

Programu ya ramani inanipitisha huko kwa kuwa ni njia ya mkato. Nimekwenda kuikagua kwa gari dogo: karibu na kilele lami inakuwa nyembamba mno, na kona zinapinda kati ya majabali makubwa kuliko gari, hata dereva hamwoni anayekuja mbele yake. Ninafahamu kwamba malori marefu yenye matela yamepigwa marufuku, kwa sababu yamekwama mara nyingi na kuziba njia, na kwamba kipande hicho hufungwa majira ya baridi theluji inapokuja. Nilikokodi tela nimeuliza, lakini sikupata jibu la uhakika kuhusu tela dogo, na sipendi kubahatisha nikiwa na watoto wa dada garini.

Je, yupo aliyepita pale akivuta tela, na zile kona alizimudu vipi? Pili, nikizunguka kwa barabara namba 15 hadi Morrisville, kisha namba 100 kushuka Stowe, kuna mahali pa kuhofia kwa gari lenye mzigo?

Natanguliza shukrani.