Tupeane uzoefu: unakeshaje siku za kawaida, Bwana akiwa bado hajaja?

Mwanzisha mada

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumapili iliyopita tulikuwa tumesimama tunakiri imani kama kawaida yetu. Tulipofika pale "atakuja tena kwa utukufu kuwahukumu wazima na wafu", nilijikuta mkono uko ndani ya mkoba unatafuta funguo za nyumba, na kichwani napanga nguo za kufua. Mdomo uliendelea wenyewe. Nilishtuka. Maneno yale nimeyasema tangu utotoni, na sikumbuki ni lini mara ya mwisho niliyasema nikimtazamia mtu kweli, kama unavyomtazamia mgeni uliyeambiwa yuko njiani.

Kwamba anakuja, sina shaka. Kinachonisumbua ni Jumanne, siku isiyo na ibada wala mkesha, yenye kazi, watoto, madeni na uchovu. Wiki hii nimesoma tena Mathayo 24 na 25, Marko 13 na Luka 12, nikaona jambo nililokuwa nalipita tu: karibu kila mtu anayetajwa mle yuko katika shughuli zake. Wawili wako kondeni, wawili wanasaga, bawabu yuko mlangoni, mtumwa anawapa wenzake chakula kwa saa yake. Hakuna aliyesifiwa kwa kuacha kazi akapanda darini kutazama mawingu.

Naomba tupeane uzoefu. Mahubiri tunayapata kanisani. Hapa mtu aniambie yaliyompata mwenyewe: ulisinzia lini, nini kilikuamsha, na sasa unafanyaje ili taa isizimike.

Zamu ya Usiku

Amina mpendwa. Mimi ni mlinzi wa usiku, huu mwaka wa 11, kwa hiyo neno "kesheni" nalijua kwa miguu.

Usingizi haupigi hodi. Unaanza kwa kukaa. Umezunguka tangu jioni, unasema nikae dakika 5 nipumzishe goti. Kisha unaegemea ukuta. Kisha unavuta koti kwa sababu ya baridi. Hapo umeshalala, ila wewe bado unajihesabu uko macho. Na saa ngumu kuliko zote si usiku wa manane, ni ile ya karibu na mapambazuko, wakati mtu anajiambia kwamba kazi imekwisha.

Usiku mmoja nililala hivyo hivyo. Nilipozinduka mashariki kulikuwa kumeanza kupauka. Hakuna kilichoibwa, wala msimamizi hakuwa amepita. Nikachukua daftari la matukio, ambalo kila saa unaandika hali ya lindo, nikajaza mistari niliyoikosa: saa 9 hali shwari, saa 10 hali shwari, saa 11 hali shwari. Hiyo saa 10 mimi sikuiona kabisa. Nikakabidhi lindo, nikaenda nyumbani kulala, usingizi ukakataa. Mchana kutwa naiona ile mistari mitatu, mwandiko wangu mzuri, wino haujakauka vizuri. Jioni niliwahi kazini, nikamweleza msimamizi, nikaandika pembeni kwamba saa zile nilikuwa nimelala. Nilikatwa mshahara wa siku ile. Nikalala kesho yake kama mtoto.

Tangu hapo Marko 13:35 nausoma kwa namna nyingine. Bwana anasema hatujui kama ni "jioni, au usiku wa manane, au awikapo jimbi, au asubuhi". Hizo ndizo zamu nne za usiku walizozihesabu Warumi. Fungua sura ya 14 hadi mwanzo wa sura ya 15 uone: jioni yuko mezani na wanafunzi wake, usiku yuko Gethsemane nao wamelala, jogoo anawika Petro ameshamkana, na asubuhi anapelekwa kwa Pilato. Siku chache tu baada ya kuambiwa wakeshe, zamu zote nne ziliwapita wakiwa wamesinzia au wamekimbia. Na bado aliwatuma hao hao. Kila nikikumbuka daftari langu, napata pa kushika hapo.

Ninachofanya sasa: asubuhi kabla sijalala najiuliza mbele za Mungu ni wapi leo nimeandika hali shwari na haikuwa shwari. Kwa mke wangu, kwa mwenzangu wa zamu, kwa maombi niliyosema nimeomba na sikuomba.

Mama wa Mapacha

Kaka, Mungu akubariki kwa hiyo ya daftari.

Yangu ni tofauti kidogo, maana mimi usingizi ndio niliokuwa nautafuta. Watoto wangu walizaliwa wadogo sana, na kwa miezi 7 sikulala saa 3 mfululizo. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa mikesha. Ijumaa usiku hunikosi, Biblia yangu imejaa mistari ya rangi. Ghafla nikawa siwezi kusoma hata aya moja bila kusinzia. Nilianza kuamini nimekuwa mmoja wa wale wanawali watano wapumbavu wa Mathayo 25, walioishiwa mafuta ya taa wakimngoja bwana arusi. Nikisikia tu "taa zetu zinazimika", nalia.

Aliyenisaidia ni mama mmoja wa kanisani aliyekuja kunishikia mtoto mmoja. Hakunihubiria. Alinifungulia 1 Wathesalonike 5, akanionyesha mstari wa 6, "tusilale usingizi kama wengine", nikajua nimekamatwa. Kisha akashusha kidole hadi mstari wa 10: Kristo alikufa kwa ajili yetu "ili tuishi pamoja naye, ikiwa twakesha au ikiwa twalala". Mistari mitatu tu katikati! Akaniambia, mwanangu, lala, mimi niko hapa na watoto. Nililala saa 4.

Pia aliniomba nisome tena Mathayo 25:5 polepole. "Bwana arusi alipokawia, wote wakasinzia wakalala usingizi." Wote. Wenye busara nao walilala. Walichotofautiana ni mafuta waliyoyaweka mapema, kabla macho hayajawa mazito.

Sikurudia mikesha mwaka ule. Nilipoamka usiku kunyonyesha nilisema sentensi moja tu, ile ya Ufunuo 22:20, "Na uje, Bwana Yesu." Mtoto wa kwanza, nasema. Wa pili, narudia. Wakati mwingine nilikuwa nasema huku machozi yanamdondokea mtoto. Leo wana miaka 6 na hawajui kwamba sala hiyo wameinyonya.

Niliyehesabu Siku

Nimesita kuandika, lakini dada amenipa ujasiri.

Nikiwa na miaka 22 nilikuwa katika kikundi cha maombi kilichoamini kimefunuliwa tarehe. Sitakitaja. Niliacha masomo yakiwa yamebaki miezi 5 nimalize. Nikagawa nguo, vitabu, na kitanda changu. Mama alinitazama nikikitoa mlangoni, akashika upande wa pili kunisaidia kwa sababu kilikuwa kizito. Hakusema neno.

Usiku ule tulikaa tukiimba. Ilipofika alfajiri wimbo ukaisha na hakuna aliyeanzisha mwingine. Nakumbuka mwenzetu mmoja alianza kukunja mikeka, taratibu, mmoja mmoja. Tuliondoka bila kuagana.

Baadaye sana nilisoma habari za William Miller, yule mhubiri wa Marekani, na waumini walioingoja tarehe 22 Oktoba 1844. Hesabu ilitoka kwenye zile siku 2,300 za Danieli 8:14. Wapo walioacha mazao shambani bila kuvuna. Sikuwasoma kwa dharau hata kidogo. Niliwalilia, kwa sababu najua asubuhi ya tarehe 23 inavyokuwa, jua linavyotoka kama kawaida na wewe hujui uende wapi. Walimpenda Bwana. Ila Mathayo 24:36 ulikuwepo katika Biblia zao kama ulivyokuwepo katika yangu, kwamba siku ile na saa ile hakuna aijuaye ila Baba peke yake.

Nilikaa miaka 4 bila kuingia kanisani. Tarehe ilikuwa imekula kila kitu. Nilipokuwa nikihesabu siku sikumtembelea mgonjwa, sikumsaidia mama, sikulipa deni, kwa sababu vyote nilivihesabu kuwa vinapita. Kama angekuja usiku ule, angenikuta naimba, na mama yangu yuko chumba cha pili peke yake na homa. Hilo ndilo linalonichoma zaidi kuliko aibu.

Kilichonirudisha ni bahasha. Mama alikuwa amehifadhi vyeti vyangu vyote, hata nilivyovitupa. Alinipa siku moja bila hotuba, akasema, "Bwana akija akukute unamalizia." Nikarudi darasani nikiwa mtu mzima kuliko wenzangu wote. Nilimaliza. Sasa kukesha kwangu ni kumpigia mama kila jioni, na kutokuacha kazi ya mtu nusu.

Mgeni Hapa

Nami nina la utotoni. Nilikuwa na miaka 9, nimetoka shule, nikakuta mlango wazi, nyumba kimya, ndala za mama ziko kizingitini, redio inaongea peke yake. Jumapili yake tulikuwa tumefundishwa unyakuo, kwamba Bwana atawachukua watu wake ghafla. Nikajua wameondoka, nimeachwa. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anaanua nguo. Alikuja mbio na shuka mkononi.

Hadi leo, nyumba ikiwa kimya ghafla, moyo unadunda. Nimemwamini Yesu kwa miaka mingi, na nakiri kwamba kwa sehemu kubwa nimekesha kwa hofu. Je, kuna mwingine? Mnatokaje hapo?

Bibi

Mjukuu wangu, njoo nikueleze.

Mume wangu alifanya kazi ya safari kwa miaka 30. Zama hizo hakuna simu ya mkononi, akija amekuja. Mwanzoni nikisikia hatua usiku nilikuwa naruka kuangalia kama nyumba imefagiliwa, maana nilimwogopa, sikuwa nimemzoea. Miaka ilivyokwenda, nilizisikia hatua zile zile nikaamka kwa furaha, hata kama nyumba haikufagiliwa. Na nikufiche nini, ilikuwa inafagiliwa zaidi kuliko zamani.

Soma Luka 12:37. Watumwa wamefunga viuno, taa zinawaka, wanamngoja bwana wao atoke arusini. Anaingia, na kinachofuata hakuna mtumwa aliyekitegemea: "atajifunga na kuwakaribisha chakulani, atakuja na kuwahudumia." Bwana ndiye anayejifunga. Unayemngoja ni huyo, mjukuu wangu. Mama yako alikuja mbio na shuka mkononi. Usilisahau hilo unapokumbuka kelele zako.

Mimi sasa ni mjane, na macho hayasomi vizuri usiku. Nikilala naacha pazia wazi kidogo upande wa mashariki. Ni mazoea yangu tu.

Mweka Hazina

Nitakuwa mfupi. Nilishika fedha za kikundi chetu. Nikakopa kidogo bila kumwambia mtu, nikarudisha baada ya siku 3. Nikakopa tena, nikarudisha baada ya wiki 2. Mara ya tatu ilikuwa miezi. Nilikuwa nasoma Mathayo 24:48 kwa sauti katika ibada ya nyumbani, yule mtumwa anayesema moyoni "Bwana wangu anakawia", na sauti ikanikatikia mbele ya wanangu. Hakusema bwana hayupo. Alisema tu kwamba bado kuna muda. Ni maneno yangu yale yale niliyokuwa nayasema kuhusu mkutano wa mwisho wa mwaka.

Nilijieleza kwa wanakikundi, nikalipa, wakanitoa katika nafasi ile, na walikuwa na haki. Sasa nikifanya kazi ya fedha ya mtu yeyote, hesabu nazifunga jioni ile ile. Kesho ni ya Bwana.

Mgeni Hapa

Bibi, nimesoma nikalia. Sijawahi kukumbuka ile shuka. Nimekumbuka kelele tu, miaka yote hii. Asante.

Mwanzisha mada

Wapendwa, sikutegemea haya. Nimeyasoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti tukiwa na mume wangu.

Niwape na yangu ya juzi Jumanne. Nilikuwa nimegombana na jirani kwa jambo dogo la taka, wiki ya tatu hatusalimiani. Jioni nikiwa naosha vyombo nikakumbuka "jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka". Nikaangalia dirishani, jua limebaki kidogo. Nikaenda na mikono ina povu. Alinifungulia, tukatazamana, tukaanza kuomba msamaha wote kwa pamoja. Niliporudi maji yalikuwa yamepoa. Nikaendelea kuosha.

Kaka wa Zamu ya Usiku, swali moja kama bado upo. Zaburi 130:6 inasema nafsi inamngoja Bwana "kuliko walinzi waingojavyo asubuhi". Ninyi mnaingojaje?

Zamu ya Usiku

Nipo, dada. Niko lindoni.

Kwanza ndege mmoja analia, giza likiwa bado totoro. Ukiwa mgeni kazini unadhani amekosea saa. Kisha kimya tena, kirefu, na baridi inazidi kuliko ilivyokuwa usiku kucha. Hapo ndipo vijana wengi wanaketi. Sisi wazee wa kazi tukimsikia yule ndege tunasimama, tunakaza kamba za viatu, tunaanza kuzunguka, kwa sababu tumeshamsikia mara nyingi na hajawahi kulia kusiwe na asubuhi.

Sasa ni saa 10 na dakika 20. Amelia muda si mrefu. Ngoja nikazunguke upande wa nyuma, nikirudi niandike.