Ureno 1916: aliburuzwa vitani au alijipeleka mwenyewe?

Mvuvi wa Msimbati
Wakuu habari za jioni. Miaka ile kabla ya vurugu za Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, nilikua navuka sana kivuko cha Kilambo kwenda kuuza dagaa upande wa pili, njiani unapita Kionga, Wareno wanaandika Quionga. Ni kijisehemu tu kusini ya mdomo wa Ruvuma. Mjerumani alimpora Mreno 1894, Mreno akaja kukichukua tena Aprili 1916, mwezi mmoja tu baada ya kuingia vita kuu ya kwanza. Hapo ndo mada yangu ilipo. Tangu Agosti 1914 mpaka Machi 1916 Ureno na Ujerumani hawakua vitani, kwa makaratasi angalau. Shule tulikaririshwa kwamba nchi ndogo "zililazimishwa". Mi nakataa, huyu alijipeleka. Februari 1916 wanamaji wake walipanda meli za Wajerumani zilizokua zimejibanza mto Tagus pale Lisbon, zaidi ya 30, wakashusha bendera ya mwenyewe wakapandisha yao, tarehe 9 Machi Berlin ikatangaza vita. Sasa mtu anabeba meli za mgeni zilizoegeshwa kwake halafu aje aseme mi sikua na upande? Karibuni, ila jamani asitokee mtu na ile ya tembo na nyasi, kila mada ya vita lazima iwepo.

Mzee wa Hoja
Mkuu umeanzia mwisho wa stori. Ureno hajawahi kutangaza kwamba hana upande, hata siku moja. Ana mkataba na Mwingereza tangu 1373, na 1914 London ilimwambia usitangaze vita na wala usitangaze kwamba umejitoa, kaa hivyohivyo. Yani umekalishwa benchi umevaa jezi unasubiri kocha akuite. Kocha akaita 1916, nyambizi za Mjerumani zinazamisha meli kila kukicha, Mwingereza hana vyombo vya kubebea mizigo, akaomba zile za Tagus zichukuliwe. Na baada ya kuchukuliwa nyingi zilienda wapi? Alikodishiwa Mwingereza huyohuyo. Hapo unamlaumu vipi mchezaji wa akiba?

Dada Shangani
Naona wote mmeruka kitu. Mjerumani ndo alianza kupiga. Agosti 1914, vita haijamaliza hata mwezi, alivuka Ruvuma akavamia kituo cha Mreno cha Maziua. Desemba mwaka huohuo huko Angola, Naulila, Wareno wakachapwa vibaya na Wajerumani waliotoka Namibia ya leo. Watu wamekufa, vituo vimechomwa, na bado Lisbon na Berlin zina mabalozi wanasalimiana!! Kwahiyo damu ya Afrika haikutosha kuitwa vita, ila meli zikatosha. Hilo nawaachia mlitafune.

Mvuvi wa Msimbati
Dada umenisaidia bila kujua. Kama alivamiwa 1914 na akakaa kimya, basi siku alipoamua ilikua ni hesabu yake mwenyewe. Mzee wa Hoja, huyo kocha unayemsema ndiye aliyekaa na Mjerumani 1898 wakaandikiana kwa siri namna ya kugawana Angola na Msumbiji siku Mreno akishindwa madeni, na kabla tu ya vita walikua wameanza tena mazungumzo hayohayo. Lisbon walijua. Kwahiyo hofu yao kubwa haikua adui, ilikua rafiki. Jamhuri yenyewe changa, mfalme kang'olewa 1910, Ulaya imejaa wafalme wanaowaangalia kama wahuni, wakina Afonso Costa, mwanasiasa mkubwa wa jamhuri hiyo, wakaona tusipokaa mezani na washindi tutaliwa sisi. Na wapo Wareno waliokua hawataki, serikali ya Pimenta de Castro ilikua inavuta kukaa pembeni, ikapinduliwa Mei 1915. Sasa mnaniambia watu wanapindua serikali halafu waliburuzwa?

Msomi Mchovu
Nongezee. Angalieni Hispania, jirani kabisa, alikaa nje vita zote mbili rasmi. Na 1939 Salazar, mtawala wa Ureno wakati huo, alikua na mkataba uleule wa 1373, Mwingereza yuleyule. Akauza madini ya wolframu, yale ya kuimarisha chuma cha silaha, kwa pande zote mbili, 1943 akampa Mwingereza kambi kwenye visiwa vyake vya Azores, na Mjerumani hakutangaza vita. Kwahiyo mkataba peke yake haumpeleki mtu vitani.

Mzee wa Hoja
Kaka Msomi, 1943 Mjerumani yuko hoi, atangaze vita nyingine ya nini. Halafu huyo Salazar wako muulize kuhusu Timor, koloni lake kule Asia. Desemba 1941 Waaustralia na Waholanzi walishuka kule bila ruhusa yake, Februari Mjapani nae akashuka, alilalamika mpaka sauti ikakauka. Nasimama palepale, kama una kitu wanachokitaka, bandari, meli, kisiwa, wakubwa hawakuulizi.

Dada Shangani
Sawa, ila mnabishana Lisbon tu, rudini huku kwetu. Ukishasema "Ureno aliingia vitani" aliyeingia ni nani? Oktoba 1916 Wareno wakapanda mpaka Newala, Novemba wamezingirwa wakakimbia na kuacha silaha. Tarehe 25 Novemba 1917 Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki, kabanwa na Waingereza, risasi zimekwisha, watu wake wana njaa, akavuka Ruvuma akaikuta kambi ya Ngomano. Mchana mmoja tu. Akatoka na bunduki mpya, risasi, nguo, mpaka kwinini. Yani yule mtu alikua anaisha, stoo ya Mreno ikamfufua, akazunguka Msumbiji karibu mwaka mzima anakula kwenye maghala ya watu na mashamba ya wanakijiji. Na wapagazi je? Bonde la Zambezi huko Barue walikamatwa kwa nguvu kubeba mizigo mpaka 1917 wakaasi, wakapigwa. Bibi yangu Mmakonde alikua akisema babake alienda "kubebea Wareno" akarudi mwenzake mmoja tu na blanketi lake. Hakuwahi kutaja meli wala mkataba.

Mzee wa Hoja
Pole dada. Hiyo ya kwinini sikua naijua. Lakini kwa Lisbon sijabadilika, alisukumwa.

Mvuvi wa Msimbati
Mi nakubali nusu, alisukumwa akiwa ameshainua mguu. Na malipo yake unayajua? Kwenye mkutano wa amani wa Versailles 1919 aliomba mengi, kwenye ardhi ya Afrika akapewa Kionga. Kale kapembe nilikokua nauzia dagaa.