Tupeane uzoefu: ushawahi kukaa kikao kimoja na wanawake wa Kiarabu na wa Kiyahudi?

Naanza mimi. 2016 nilikuwa Haifa, Israel, kwa kozi pale Mount Carmel, kituo cha mafunzo. Mji wenyewe mchanganyiko, nesi Mwarabu, dereva Myahudi, wanapishana tu. Jioni moja mwalimu wetu akatupeleka kwa rafiki yake, tukakuta kina mama kama kumi sebuleni, nusu kwa nusu, sharti lao moja tu, kila mtu asimulie yaliyompata yeye, mambo ya viongozi na mipaka yaachwe mlangoni na viatu. Wakaongea Kiebrania. Tuliporudi mara ya pili mama mmoja Mwarabu akanyamaza mpaka kahawa ikaletwa, halafu akaanza Kiarabu mwanzo mwisho, wale Wayahudi wakabaki kutazamana ikabidi atafutwe wa kutafsiri. Akasema miaka yote mimi ndo navuka kuja kwenu, leo njooni nyie. Weeh! Mmoja alinuna waziwazi. Mwingine nasikia kesho yake alienda kuulizia darasa la Kiarabu.

Bimkubwa wa Jersey: Mie wa Lamu niko New Jersey, hukuhuku ndo walianzisha Sisterhood of Salaam Shalom 2010, Waislamu na Wayahudi. Sio wote Waarabu ila kundi letu lina Mpalestina na Mmisri. Kasheshe ya kwanza msosi, huyu halali yule kosher (sheria za chakula za Kiyahudi), tukaishia samaki na maharage ya nazi na yakaisha yote. Baada ya Oktoba 2023, Hamas waliposhambulia Israel na vita ya Gaza ikaanza, grupu la WhatsApp likafa ganzi wiki nzima, halafu yule Mpalestina akaandika siji, nikija ntalia au ntatukana. Mwenye nyumba akamjibu njoo ufanye yote mawili. Alikuja baada ya miezi, akakaa karibu na mlango, koti hakuvua.

Kipanga: Mi nawaambia ukweli, nilifanya kazi Amman, Jordan, kwenye nyumba ya Wapalestina, vikao hivi wanaviita tatbii, yaani kujifanya mambo yako sawa wakati mwenzio kesho anapanga foleni kwa askari apite kwenda kazini na wewe unapita tu. Dada wa pale alienda kimoja, nduguze wakamsusa.

Mwanzisha mada: Kipanga sikupingi, hao Women of the Sun, kikundi cha wanawake wa Palestina, wameanza 2021 na maneno hayo ya tatbii wanarushiwa kila siku. Tarehe 4 Oktoba 2023 walikusanyika na Women Wage Peace, wanawake wa Israel wanaodai amani, Jerusalem kisha Bahari ya Chumvi, siku tatu baadaye Vivian Silver, mwanzilishi mmojawapo wa hao Women Wage Peace, akauawa kijijini kwake Be'eri, jirani na Gaza, kwenye shambulio la Hamas. Na bado vikundi vyote viwili vipo. Huyo dada alirudi tena kikaoni?

Kipanga: Hakurudi. Ila namba za wale wanawake hakufuta, simu yake mimi ndo nilikuwa namchajia.