Baridi yabisi: abaki na prednisoloni au aanze methotreksati?

MchumaChai_Mufindi
Wakuu, mke wangu ana baridi yabisi, ile ya kinga ya mwili kushambulia viungo. Asubuhi vidole vimekakamaa, vifungo vya sweta namfungia mimi. Alipopewa prednisoloni, siku chache tu akawa anamenya viazi mwenyewe. Sasa daktari anamuongezea methotreksati, dawa ya kansa! Kwa nini tusiendelee na hii inayofanya kazi?

Nesi_Mbeya
Pole mkuu, na shemeji pia. Prednisoloni ni mkopo wa kausha damu: hela leo, riba baadaye. Uvimbe unatulia haraka, lakini ikimezwa miezi kwa miezi uso unajaa, sukari na presha zinapanda, mifupa inapungua nguvu, hata TB iliyolala inaweza kuamka. Methotreksati inachukua kama wiki 6 hadi 12 kuonyesha kazi, ila ndiyo inayozuia viungo visiharibike. Ndiyo maana huanza zote mbili, kisha prednisoloni inapunguzwa mpaka iishe.

Dozi ya viungo ni ndogo mno kuliko ya kansa. Na inamezwa MARA MOJA KWA WIKI. Kuna watu wamekufa kwa kuimeza kila siku. Chagueni siku moja, muiandike kwenye boksi. Apewe na foliki asidi, vitamini ya kupunguza madhara yake.

BintiTukuyu
Kama bado mnatafuta mtoto, mwambieni daktari mapema, methotreksati na mimba haviendi. Mimi nina lupasi, nayo ni kinga ya mwili kujishambulia, natumia dawa ya haidroksiklorokwini, hiyo hata mjamzito anaendelea nayo. Ni ya polepole kweli, na macho lazima yapimwe, lakini sukari haipandishi.

Mzee_Makambako
Mnatisha watu bure. Prednisoloni naimeza miaka sasa, niko fiti. Hiyo nyingine wanasema pombe uache. Msimu wa ulanzi huu?

Nesi_Mbeya
Shikamoo mzee. Sukari umepima lini? Ila usije ukaikata ghafla kwa sababu yangu. Ukishazidisha wiki 3 mwili unazembea kutengeneza homoni yake, ukiacha ghafla presha inaweza kushuka ukaanguka. Inashushwa kidogo kidogo, na daktari.

MchumaChai_Mufindi
Watoto wanne wanatosha, dada. Tutaanza Jumapili. Vipimo je?

Nesi_Mbeya
Damu, ini na figo kabla ya kuanza, kisha kila baada ya wiki chache mwanzoni. Akipata homa, kikohozi kikavu au vidonda mdomoni, msisubiri tarehe ya kliniki.